Wimbo wa Taifa wakatwa ubeti wa pili ili mgeni rasmi asichoke kusimama!

Wakuu, nimetoka kwenye sherehe sasa hivi na bado natetemeka kwa hasira.

Napanga sauti kwenye bendi ya matarumbeta. Wiki mbili nzima nimekaa na Mungu Ibariki Afrika: soprano nikaipa tarumbeta ya kwanza, alto tarumbeta ya pili, sauti ya tena (tenor) tromboni, besi tuba. Tunaupiga Do ikiwa B flat, kwa hiyo mpiga tarumbeta, ambaye nota zake huandikwa toni moja juu ya zinavyosikika, anausoma kwenye C, hana sharpu wala flati (alama za kupandisha au kushusha nota) ya kumsumbua. Vijana wakaushika vizuri kabisa.

Dakika chache kabla ya kuanza kamati inakuja kuniambia sauti za kati "zinachanganya watu", tupige ya juu na besi tu. Alto na tena wakakaa na ala zao mapajani! Mtu wa kinanda naye akawasha mdundo wa mashine. Tulipomaliza ubeti wa kwanza, MC akasema inatosha. Jamani, jina la Tanzania liko kwenye ubeti wa pili!

Kilichonimaliza ni ratiba iliyochapwa: "Mtunzi: hajulikani." Hajulikani vipi? Ni Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, aliyeutunga mwaka 1897. Ni wimbo wa kwaya huu, aliuandika kwa sol-fa (nota za do, re, mi), kwa hiyo ukiondoa alto na tena umeondoa kazi ya mtu. Alifariki 1905, hakuusikia ukiimbwa mwaka 1912 kwenye mkutano ulioanzisha chama cha Afrika Kusini kilichokuja kuitwa ANC, wala hakuisikia rekodi ya mwandishi wa huko, Sol Plaatje, ya London, 1923. Sisi tuliupokea 1961 kwa maneno ya Kiswahili. Zambia wanaimba tuni hiyohiyo, Afrika Kusini wameuingiza kwenye wimbo wao tangu 1997. Hata kaburi lake lipo Braamfontein, na mwaka 1996 lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Halafu mtu anachapa "hajulikani" na kugawia ukumbi mzima!

Wenzangu wa kwaya na bendi, nanyi mnakatiwa hivihivi? Mnawajibu nini? Mimi nimeshawaambia vijana wangu: tukiitwa tena, ni beti zote mbili na sauti zote nne, vinginevyo watafute bendi nyingine.