Katapila la Lego, kartoni haijafunguliwa: niuze au nitoe?

Mama_Kampemba:
Yambo wote. Mhandisi niliyekuwa nikimfanyia kazi za nyumbani amemaliza mkataba wake mgodini na kurudi Ulaya. Vitu vingi aligawa, mimi akaniachia kartoni kubwa ya Lego, vile vipande vya plastiki vya kuunganisha: ni mfano mdogo wa katapila la kuchimbia mgodini, Liebherr R 9800, namba 42100. Bado imefungwa kama ilivyotoka dukani. Aliniambia nifanye ninavyoona. Watoto wangu ni wadogo, mmoja ana miaka miwili, na kwenye kartoni kuna alama ya kukataza walio chini ya miaka mitatu. Kwa hiyo hapa kwangu haifunguliwi.

Nafikiria kuiuza, au kuipeleka Bakanja, hapa Lubumbashi, kwa Wasalesiani wanaolea watoto wa barabarani, au kumpa mtoto wa dada yangu. Ana miaka kumi na minne, kila redio iliyokufa mtaani anaifungua. Mjue pia kwamba mdogo wangu yuko sekondari, na minerval yake, yaani ada ya shule, ninaibeba mimi. Nisaidieni kupima.

Kapita_wa_Kenya:
Mama, uza. Ilitoka 2019, ina vipande 4,108 na mota saba, na dukani ilikuwa dola 449.99. Leo kiwanda hakiitengenezi tena, na hapo ndipo wakusanyaji wanapoanza kuitafuta, hasa ikiwa haijaguswa. Ukiifungua tu, bei inashuka hata kama hakuna kilichopotea, maana nani atasimama mlangoni kwako kuhesabu vipande elfu nne?

Jambo moja la haraka: usiiweke sakafuni karibu na ukuta. Mvua zikianza, unyevu unapanda, kartoni inavimba, pembe zinalegea. Mkusanyaji anaangalia pembe kabla ya yote. Ifunge kwenye mfuko, iweke juu ya kabati.

Yaya_Ruashi:
Kapita, unamuuzia nani? Bei tunazoziona kwenye intaneti ni za watu walio Ulaya na Marekani, ambako mnunuzi yuko na posta inafika mlangoni. Kartoni ile ni kubwa na nzito. Ukiituma kwa ndege kutoka uwanja wa Luano, usafiri unakula sehemu nzuri ya pesa, na ikifika imebonyea mnunuzi anadai pesa zake. Ukiipeleka soko la Mzee Kabila, watakupa bei ya mwanasesere, na siwalaumu: hawana mteja wa kitu hicho.

Soko lako, mama, ni wale wale wanaofanya kazi na mashine zenyewe. Wahandisi wa hapa, wa Likasi, wa Kolwezi. Mtu anayeshinda mgodini atalipa vizuri apate katapila la kuweka ofisini. Piga picha za pande zote sita za kartoni, namba ionekane na sehemu za kufungia zionekane, kwa sababu Lego za bandia zimejaa na mtu mwenye pesa ataogopa. Dola ziwe mkononi, au ziwe zimeingia kwenye simu yako, kabla kartoni haijatoka nyumbani.

Mwalimu_Katuba:
Nazungumzia upande wa kutoa, maana mmeuruka.

Bakanja ninapaheshimu sana, ila zawadi hii hainitulii kwao. Katapila hili halina rimoti. Linaongozwa na telefone, kwa programu na Bluetooth. Ndani kuna visanduku viwili vya umeme, kila kimoja kinakula betri ndogo sita za AA, jumla kumi na mbili. Penye watoto wengi, kikipotea kipande kimoja cha gia, mkono hauinuki, na kila mtoto atamtazama mwenzake kama mwizi. Kwao ingefaa ndoo ya matofali ya Lego ya kawaida, ya kujenga na kubomoa. Hata yakiwa ya zamani yanafaa, kwani tofali la 1958 bado linashikana na la leo.

Huyo mtoto wa redio ni habari nyingine. Watoto wetu hapa wanakunja waya wanapata gari lenye usukani unaogeuza magurudumu kweli. Mweke mtoto wa namna hiyo mbele ya katapila hili. Mashine ya mgodini inainua mkono kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa kwenye silinda. Hili linainua kwa fimbo yenye nyuzi za skrubu, mota inaizungusha, fimbo inarefuka polepole, mkono unapanda. Ataona kwa macho namna mzunguko unavyogeuka kuwa msukumo. Nimefundisha jambo hilo kwa chaki miaka mingi, na najua wangapi walilishika.

Mama_Kampemba:
Mwalimu, umenigusa. Lakini minerval bado haijakamilika, na ninaogopa dada aseme nimeuza kitu cha mwanawe.

Papa_Kamalondo:
Binti yangu, dada yako hajaahidiwa kitu, kwa hiyo hakuna ulichomnyang'anya. Usimtajie mtoto habari hii mpaka umeamua. Mwenye mali alikuachia neno, neno ni lako. Mdogo wako asifukuzwe darasani wakati dola zimelala juu ya kabati.

Jiwekee tarehe. Tafuta mhandisi mpaka katikati ya mwezi wa nane, kwa bei usiyoishuka. Akikosekana, mpe mtoto wa dada, na minerval uitafute kwingine. Usiiuze kwa hasara kwa sababu tu umechoka kungoja.

Mama_Kampemba:
Nakubali. Dola 300, chini ya hapo siuzi. Picha nazipiga kesho mchana kukiwa na mwanga. Aksanti papa, aksanti wote.

Mwalimu_Katuba:
Vizuri. Leo hii jaribu kupakua Control+, ile programu ya kuongoza katapila, kwenye telefone yako na ya dada yako. Mnunuzi atauliza kama inafunguka, na mtoto naye ataihitaji. Ikiangukia kwa mtoto, nina betri za kuchaji nane, nitampa. Zinabaki nne za kutafuta.

Yaya_Ruashi:
Nne ziko kwangu. Na mama, nitumie picha hizo, shemeji yangu yuko Kolwezi na anawajua wahandisi wengi.