Mama mkwe kafungua kabati akauliza chakula mnaweka wapi, naombeni ushauri

MamaK_Kimara
Habari zenu wakuu, naomba mnisaidie mawazo maana hili jambo nimekaa nalo wiki nzima. Niko Dar, nina watoto wawili, mmoja ana miaka 7 mwingine 3, mimi na baba yao tunatoka nyumbani saa 11 alfajiri tunarudi giza limeshaingia, dada wa kazi ndio anapika. Mwezi uliopita mama mkwe alikuja kutoka Singida kutusalimia, siku ya pili asubuhi akataka kuwapikia wajukuu, kafungua kabati kakuta tambi za pakiti, biskuti, juisi za unga, majarini, mkate wa juzi, sembe kilo 10, dumu la mafuta, na kwenye friji soseji. Kasimama pale kaniuliza kwa upole kabisa, "mwanangu, chakula mnaweka wapi?" Wala hakuwa ananisema, alidhani kweli kuna stoo nyingine.

Iliniingia sana. Yeye kwake ndani hakosi ulezi, uwele, njugu mawe, mlenda mkavu, alizeti anapeleka mwenyewe kukamua. Na huyu mdogo wangu kliniki walimpima damu ikawa 9.8 wakampa dawa ya kuongeza damu, mkubwa choo chake kigumu kila siku analia, ukimpa matembele anayatoa mdomoni. Nataka kubadilisha kabati lote. Ila baba watoto hataki kusikia dona, anasema imemshinda tangu bweni, na nikiangalia bei ya vile vya "asili" vilivyofungwa vizuri supamaketi siwezi. Naanzia wapi jamani, nitupe vyote nianze upya au vipi?

Mzee_wa_Uwele
Usitupe kitu mama, hela imeshatoka hiyo. Viache viishe na kila kinachoisha usikirudishe, unakibadilisha kwa kimoja tu. Mimi nilianza na chai ya asubuhi kwa sababu ndio mlo ambao watoto hawabishani sana, mkate na majarini vikaisha tukaingia kwenye viazi vitamu vya kuchemsha, mihogo na magimbi, vinachemshwa jioni kabisa wakati ugali uko jikoni, asubuhi unapasha tu. Baada ya mwezi ndio tukagusa mchana. Ukibadilisha yote Jumatatu, Ijumaa dada anakimbia na watoto wamelala njaa.

LisheKwanza
Dada pole, na mimi nimefanya kazi ya lishe halmashauri miaka mingi kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo unisamehe.

La kwanza ni huyo wa 9.8. Umri wake damu inatakiwa ianzie 11, kwa hiyo endelea na dawa mpaka umalize kama ulivyoelekezwa na umrudishe apimwe tena, uliza na habari ya minyoo. Chakula kitasaidia asirudi huko lakini peke yake kitachelewa. Mpe dagaa, maini hata mara moja kwa wiki, na mboga za majani ale pamoja na kitu chenye vitamini C kwenye mlo huohuo, chungwa, embe, au juisi ya ubuyu (ule mweupe wa kutoka kwenye kibuyu chake, sio wa rangi nyekundu wenye sukari). Na chai ya rangi toa kabisa mezani kwa watoto, inazuia madini ya chuma yasifyonzwe.

La pili, ulezi. Gramu 100 za ulezi zina kalisiamu kama miligramu 340, hakuna nafaka nyingine ya kwetu inayosogea hapo, mahindi yako mbali sana chini. Lakini ukiusaga mkavu ukapika, sehemu kubwa ya madini yanatoka kama yalivyoingia. Bibi zetu walikuwa wanaulowesha usiku kucha, wanamwaga maji, wanaufunika na kitambaa kibichi siku mbili tatu mpaka uchipue, wanaanika, ndio wanasaga. Hicho ndio kimea. Ukipika uji mzito wa mahindi au ulezi ukaweka kijiko kimoja cha kimea ukiwa bado wa moto, utaona unalegea kama umeongeza maji na hujaongeza hata tone, basi urudishe jikoni uchemke tena kidogo. Faida yake mtoto mwenye tumbo dogo anakunywa kikombe kimoja chenye unga wa vikombe viwili, na una utamu wake, sukari unapunguza.

La tatu naomba ulisome mara mbili. Usiende kununua ule "unga wa lishe" wenye vitu kumi ndani, mahindi, mchele, ngano, soya, karanga, ulezi, vyote pamoja. Karanga na soya zina mafuta, ukizisaga na nafaka ukaweka kwenye joto la Dar unga unachacha, na karanga ikiwa na sumukuvu (sumu inayotokana na ukungu) umeshaisambaza kwenye unga wote. Soya ikisagwa bila kukaangwa ndio inazuia mwili kutumia protini yenyewe. Nafaka moja, mbili zikizidi sana. Karanga kaanga, twanga kidogo kidogo, weka kwenye uji wakati wa kupakua.

Na la mwisho, chumvi. Watu wakirudi kwenye vya asili wanakimbilia chumvi ya mawe isiyo na chochote. Chumvi baki na ya pakiti yenye madini joto tafadhali, goita na watoto kudumaa akili tulivipunguza kwa hiyo chumvi.

Chalii_wa_Mihogo
Mimi ningesema ngano yote itoke nyumbani, chapati maandazi mkate wote, hiyo ndio sumu kubwa

LisheKwanza
@Chalii_wa_Mihogo hapana ndugu yangu. Unga wa ngano wa viwandani hapa kwetu sheria inataka uongezwe madini ya chuma, zinki na folik asidi, na kwa mama mwenye mimba hiyo folik ni kitu kikubwa. Ukitaka kuutoa utoe ukijua unaweka nini pale ulipotoka. Chapati ya Jumapili haijamuua mtu, shida ni mkate mweupe asubuhi, maandazi saa nne na tambi usiku, siku saba.

NafakaTandale
Nauza nafaka Tandale mwaka wa kumi na mbili huu, niseme la dona maana hapo ndio watu wengi wanakata tamaa. Dona anayoikumbuka baba watoto ya bweni ilikuwa chungu kwa sababu mahindi yalikuwa yametobolewa, hayakupepetwa, na unga ulikaa stoo miezi. Kiini cha mahindi kina mafuta, ukikisaga kinaanza kuchacha, na huo ndio uchungu. Sembe haichachi upesi kwa sababu kiini na pumba vimeshatolewa, na vitamini nyingi vimeenda navyo, tunawauzia wafuga kuku.

Sasa fanya hivi. Nunua mahindi, sio unga. Mwaga kwenye ungo na dada wa kazi mchague, punje yenye ukungu, iliyobadilika rangi, iliyosinyaa, iliyovunjika, zote toa, usizionee huruma. Sumukuvu haiondoki kwa kupika, hata ugali ukikaa jikoni saa nzima. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi ya namna hiyo, sio hadithi. Yaliyobaki osha, anika yakauke kabisa, peleka mashine mwambie asage laini, kilo 5 za wiki mbili basi. Yanayobaki weka kwenye mfuko wa kinga njaa, ule usiopitisha hewa, ufunge vizuri, hutaona fukusi na huhitaji dawa. Mzee wa nyumba mwanzo mchanganyie nusu sembe nusu dona bila tangazo, wiki ya tatu punguza sembe.

Bei nayo, acha vya supamaketi. Njoo sokoni na ndoo yako.

Wanjiru_Nakuru
Hodi kutoka Kenya 🙂 huku kwetu tunaita wimbi, na hao dagaa wenu ni omena. Mtoi wangu alikuwa anakataa omena kwa sababu ya macho, eti wanamwangalia. Nikawa naosha na maji moto, nakausha kwa sufuria bila mafuta mpaka wavunjike, nasaga na blenda, unga wake kijiko kimoja kwa uji ama kwa ndengu (choroko zenu). Kwa vile unasaga mzima na mifupa ile kalisiamu yote inabaki. Lakini uangalie wale waliokaushwa kwa mchanga, wanunue waliokaushwa juu ya neti, vinginevyo mtoto atatafuna changarawe.

Mboga naye asianze na managu (mnavu wenu), ni chungu. Anza na terere, nadhani nyinyi mnaita mchicha.

Ng'wana_wa_Ziwa
Za kubeba shule badala ya biskuti, sisi Usukumani tuna michembe na matobolwa. Michembe viazi vitamu vinakatwa vibichi vinaanikwa, matobolwa vinachemshwa kwanza. Matobolwa mtoto anatafuna hivyohivyo na karanga, ni matamu kuliko biskuti nakwambia ukweli. Ukipata viazi lishe, vile vya ndani rangi ya machungwa, ni bora zaidi kwa vitamini A, ila vianike kivulini maana jua kali linaiondoa. Kati ya waliopewa World Food Prize (tuzo ya chakula ya dunia) 2016 kwa kazi ya viazi hivyo yumo Robert Mwanga wa Uganda, mtu wa huku huku kwetu, huwa nafurahi sana nikikumbuka.

Kigoma_Mwisho_wa_Reli
Mafuta mmeyasahau. Mawese yale mekundu ndio yenye vitamini A, ila watu wanayachoma mpaka yanakuwa meupe eti yaondoe harufu, ukishafanya hivyo umeitoa yote. Weka kijiko kwenye maharage au kisamvu mwishoni mwishoni. Na kisamvu kitwangwe na kuchemshwa sana sufuria ikiwa wazi, msile cha haraka haraka, kina sumu kikiwa kibichi. Kwa alizeti, kwa kuwa mama mkwe yuko Singida akutumie, usinunue yale yanayopangwa barabarani yakipigwa jua kutwa nzima.

Swali_Dogo
Sukari je, mimi nimehamia asali, naweka vijiko vitatu kwenye chai na vinne kwenye uji wa ulezi, baba yangu ana kisukari nampa na yeye

LisheKwanza
@Swali_Dogo tafadhali leo hii acha kumpa mzee. Asali ni sukari, mwili wake hautofautishi, na uji wa ulezi wenyewe ni wanga, kikombe kikubwa kitapandisha. Mpime kabla na baada uone mwenyewe, na uongee na daktari wake.

MamaK_Kimara
Wakuu nimerudi, wiki ya tano leo, sikutaka kurudi mapema niseme maneno matupu.

Juisi za unga ziliisha sikununua, siku nne za kwanza mkubwa alinuna sana, sasa hivi anakunywa ubuyu, dada anakoroga jioni anaweka friji. Tambi zimetoka. Soseji bado, Jumamosi tu, baba watoto ameomba na nimemwachia. Dagaa wa unga nawatia kwenye uji wa mdogo na kwenye choroko, hajakataa hata siku moja, na Jumanne iliyopita damu imefika 10.9, nililia pale pale kwenye benchi. Mkubwa choo kimelainika, nadhani ni dona na matembele, anakula nikichanganya na nazi na karanga.

Dona tuko nusu kwa nusu. Mzee hajasema kitu ila jana kaongeza sahani.

Kilichonishinda ni kimea, mara ya kwanza kiliota ukungu wa kijani nikamwaga chote. Na mama mkwe kampa mtu wa basi furushi la mlenda mkavu, nimeufungua na harufu yake nzuri lakini huku Dar unyevu mwingi, naogopa. Nauhifadhije?

Mzee_wa_Uwele
Hongera sana mama. Uanike tena leo kivulini penye upepo mpaka ukiuminya unavunjika, kisha kwenye chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, mbali na jiko. Toa na kijiko kikavu. Kimea maji yalizidi, kitambaa kiwe na unyevu tu na uusuuze ulezi asubuhi na jioni.