Kikundi cha Ukoo, Njiro: Rais Mkapa Alipitia Gazetini

Baba Neema: Habari za jioni ndugu zangu. Neema anasema akimaliza kidato cha sita anataka kusomea uandishi wa habari. Kwangu mimi hiyo kazi haimfikishi mtu popote. Mnasemaje?

Neema: Shikamooni wote 🙏🏽

Shangazi: Marahaba mama.

Babu: Marahaba mjukuu wangu. Baba Neema, haimfikishi mtu popote? Rais Mkapa alipitia wapi?

Baba Neema: Shikamoo baba. Si alipitia ubalozi yule?

Babu: Ubalozi ulikuja baadaye. Mwaka 1966 alikabidhiwa The Nationalist, gazeti la chama tawala cha TANU, hata miaka 30 hajafika. Azimio la Arusha, lile la ujamaa, linapitishwa hapa hapa mjini, Januari 1967, mhariri ni yeye! Mwaka 1972 gazeti hilo likaunganishwa na The Standard, ikazaliwa Daily News, naye akaiongoza. 1974 Mwalimu Nyerere akamchukua Ikulu awe katibu wake wa habari. 1976 akaanzisha Shihata, shirika la habari la taifa.

Mama Junior: Weee! Kumbe Shihata ni yeye?

Babu: Ndiye mkurugenzi wa kwanza. Mwaka uliofuata, waziri wa mambo ya nje. Kwa hiyo mnapomwona 1999 hapa mjini na Moi na Museveni, wanasaini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, huyo ni mtu aliyezoea kusoma kila mstari kabla haujachapwa.

Mjomba: Shikamoo baba. Tusimsifie upande mmoja tu. Kauli yake ilikuwa Ukweli na Uwazi. Januari 2001 polisi wakapiga risasi waandamanaji kule Zanzibar, watu wakafa. Pemba wapo waliokimbilia Kenya. Ukweli na uwazi ulikuwa wapi?

Shangazi: Hilo kweli jamani.

Babu: Marahaba. Hapo sikupingi, mwanangu. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma. Ila kwenye kitabu cha maisha yake, kile cha 2019, alikiri mwenyewe kwamba ni doa kwenye urais wake. Viongozi wangapi wamekubali kuandika hivyo wakiwa hai?

Mjomba: Miaka 18 baadaye, baba. Waliofiwa walikuwa wameshazika zamani.

Babu: Ndiyo maana nataka Neema aandike siku hiyo hiyo.

Neema: Babu 😭❤️

Baba Neema: Mimi sipingi kuandika. Naogopa njaa, na naogopa kuamshwa usiku niambiwe mwanangu yuko kituo cha polisi.

Shangazi: Hofu yako ina haki kaka. Lakini mtoto Kiswahili anacho, Kiingereza anacho, na anasoma kila anachokiona, hata karatasi ya kufungia maandazi.

Mama Junior: Kuna redio hapa mjini wanapokea vijana wa kujifunza wakati wa likizo. Naweza kumuulizia.

Baba Neema: Muulizie basi. Ila Neema, Jumamosi uje na ada za vyuo umeziandika, tukae na Babu tuziangalie.

Neema: Sawa baba. Asante sana.

Babu: Na kile kitabu kiko kwa Shangazi yako. Anza na sura za magazeti.