Tupeane uzoefu: ni kitu gani kidogo tu kinachokupa furaha ya kweli?

Habari zenu wakuu,

Leo naomba tupeane uzoefu wa vile vitu vidogo vidogo, visivyotakiwa hata kulipiwa, ambavyo vikitokea moyo unatulia tuli. Naanza mwenyewe.

Mwaka juzi nilivunjika paja kwenye ajali. Nililazwa chali wiki nyingi, mguu umefungwa uzito. Aliyewahi kulazwa chali kwa amri ya daktari anajua: mgongo unawaka moto, kisigino kinachoma, na huwezi kujigeuza. Usiku ndio mbaya zaidi. Wenzako wanakoroma, wewe unahesabu misumari ya dari.

Siku waliponitoa ule uzito, muuguzi akaniambia, "Haya, jaribu kulala ubavu." Nikashika ukingo wa kitanda, nikajivuta taratibu, nikageuka. Shavu likagusa mto. Wakuu, nililia. Sikupewa kitu, sikushinda chochote, nimelalia ubavu tu.

Mpaka leo, kila nikizima taa najigeuzia kulia na ile raha inanijia upya. Mke wangu akisikia nimeshusha pumzi ndefu anajua tayari nimegeuka.

Karibuni.

#2
Pole sana mleta mada, na hongera kwa kupona.

Mimi ni harufu ya mvua ikianza kugusa udongo mkavu. Naacha chochote ninachofanya, natoka nje nasimama. Nilikuwa nadhani ni mimi peke yangu, kumbe harufu hiyo ina jina lake kabisa: petrikori. Waliolitunga ni wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, mwaka 1964. Wakati wa kiangazi mimea hutoa mafuta yanayonywewa na udongo na mawe. Unyevu ukija, yanaachiliwa hewani. Humo humo kuna kitu kinaitwa geosmini, kinachotengenezwa na bakteria wa udongoni, na pua ya binadamu inakinasa hata kikiwa kidogo mno.

Kujua hayo hakukunipunguzia utamu hata chembe. Sasa nikisimama pale nje nawaza kwamba ardhi ilikuwa inajiwekea akiba ya harufu hiyo siku zote za jua kali, inasubiri tone la kwanza.

#3
Kuvua viatu baada ya kusimama kutwa nzima. Vidole vikitanuka, nimemaliza.

#4
Kuamka usiku ukidhani kumekucha, ukatazama saa ukakuta bado una saa tatu nzima za kulala. Halafu unageuza mto upande wa baridi.

#5
Mwanangu alipokuwa na siku mbili alinishika kidole. Nilikuwa nampangusa kiganja na kitambaa, akafumba mkono, kidole changu kikabaki humo ndani. Nilikaa vile vile mpaka mkono ukafa ganzi, sikuthubutu kuutoa.

Baadaye nikaelezwa kwamba ni kawaida ya vichanga wote: ukimgusa kiganja anafumba vidole bila kuamua, na hali hiyo hutoweka akifikisha miezi mitano au sita hivi. Nakiri niliumia kidogo, maana nilikuwa nimeamini amenichagua mimi. Sasa ana miaka minne. Juzi tunavuka barabara, kabla sijanyoosha mkono nikasikia vidole vyake vimeshaingia kwenye vyangu. Hapo aliamua mwenyewe.

#6
Nawasoma kwa makini, maana hili jambo limenisumbua. Miaka sita nilikuwa naitafuta kazi ya aina moja. Nikaipata. Wiki ya kwanza nilikuwa natembea kama niko hewani. Mwezi wa tatu nikajikuta nimekaa kwenye kiti kile kile nilichokililia, moyo mkavu, natafuta kingine cha kutamani.

Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake wawili walichapisha utafiti kuhusu watu 22 waliokuwa wameshinda fedha nyingi kwenye bahati nasibu ya jimbo la Illinois, Marekani. Waliwalinganisha na watu wa kawaida wa maeneo hayo hayo. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha ya maana kuwazidi wenzao. Kilichonishika koo ni hiki: walipoulizwa kuhusu mambo ya kila siku, kama kuongea na rafiki, kusikia kichekesho au kusoma jarida, wao waliyafurahia kwa uchache kuliko wenzao. Watu 22 si wengi, lakini nilijiona mle ndani. Kikubwa kilikuwa kimenifunika vidogo.

Tangu hapo, nikitoka kazini nazima simu na natembea kwa miguu kipande cha njia. Kuna mahali taa za barabarani huwaka nikiwa katikati yake, moja baada ya nyingine, kama zinanitangulia. Naisubiri dakika hiyo kutwa.

#7
Nimesita kuandika, ila nimepata nguvu.

Nilifiwa na mama. Miezi ikapita sioni raha ya kitu, na kila aliyeniambia "utazoea" nilimwona adui. Asubuhi moja nafua nguo nje, nikajisikia naimba. Nilishtuka, nikanyamaza papo hapo. Niliona nimemkosea marehemu, kwamba nimemsahau upesi hivi.

Dada yangu alikuwa anaanika upande wa pili wa shuka, simwoni uso. Hakusema neno. Akaupokea ule wimbo pale pale nilipoukatisha, akaendelea nao kwa sauti ya chini mpaka beti likaisha. Kisha akanyamaza, ananisubiri. Nikaanza beti la pili.

Ulikuwa wimbo wa mama, alikuwa akituimbia. Sasa kila tukifua pamoja tunauimba.

#8
Mungu ampumzishe mama yetu. Mkumbatie dada kwa niaba yangu.

#9
Mimi ni muuguzi, zamu za usiku. Furaha yangu ni saa ile ya alfajiri ninapopita kufungua mapazia. Kuna wagonjwa wanaokuwa wamegeukia ukutani usiku kucha. Mwanga ukiingia unawaona wanageuza nyuso mmoja mmoja, hata aliye na maumivu makali. Siwezi kuichoka picha hiyo.

Na dirisha si pambo. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu walilazwa vyumba vyenye dirisha linaloelekea miti, nusu wakatazamana na ukuta wa matofali. Walioiona miti waliruhusiwa mapema kidogo, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi.

Mleta mada, nina swali. Wodini kwako kulikuwa na dirisha?

#10 (mleta mada)
Umenirudisha pale pale, dada.

Lilikuwepo, upande wangu wa kulia, lakini nilivyofungwa nilikuwa naona mwanga wake tu ukitembea kwenye dari. Nilijua saa kwa huo mwanga. Niliposema niligeuka ubavu sikueleza niligeukia wapi. Niligeukia huko. Kulikuwa na mti mkubwa, tawi moja limekaribia kugusa kioo, majani yanacheza na upepo. Wiki zote zile ulikuwa pale, hatua tatu kutoka kitandani kwangu, na sikuwa najua.