Gentile si "mchinjaji" tu. Ukocha wake mbona mmeuzika?

Wakuu, nimechoka. Kila kipande cha Kombe la Dunia 1982 kikizunguka kwenye magrupu ni kilekile: Maradona yuko chini, Claudio Gentile, beki wa Italia, kasimama pembeni na masharubu yake. Halafu matusi yanaanza. Jana mtu mzima kabisa kaniambia eti yule jamaa hakujua mpira, alikuwa anapiga watu tu. Nimelala na hasira.

Faulo sizikatai. Zinatajwa 23 kwa Maradona peke yake siku ile mjini Barcelona, na kwa sheria za leo asingefika mapumziko. Jezi ya Zico wa Brazil nayo nimeiona, imechanika ubavuni ngozi inaonekana. Lakini kocha wa Italia, Bearzot, alimpa kazi ya kukaba mtu, naye akakaba. Argentina wakalala 2-1, Brazil 3-2, wakarudi makwao.

Sasa nioneshe nani anakumbuka fainali! Madrid, dakika ya 57, bado 0-0, Cabrini wa Italia kashakosa penalti. Italia wanaanzisha faulo harakaharaka, mpira unaenda kulia kwa namba 6. Anatia krosi, Paolo Rossi anaingia nayo kwa kichwa. Namba 6 ni Gentile. Goli lililofungua njia ya ubingwa limetoka mguuni kwa huyo mnayesema hajui mpira. Juventus wangemweka miaka 11 na kubeba naye ligi mara sita kwa kupiga watu tu?

Kinachoniuma zaidi ni ukocha. Mwaka 2000 alipewa vijana wa Italia chini ya miaka 21. Mwaka 2004 akachukua nao ubingwa wa Ulaya wa vijana kule Ujerumani, fainali 3-0 dhidi ya Serbia na Montenegro. Miezi miwili baadaye akaleta shaba ya Olimpiki ya Athens, medali ya kwanza ya Italia kwenye soka la Olimpiki tangu 1936. Wale vijana wake, De Rossi, Gilardino, Barzagli, Zaccardo na Amelia, wote watano walikuwa kwenye kikosi kilichobeba Kombe la Dunia 2006. De Rossi alipiga penalti kwenye fainali ile ya Berlin na kufunga.

Na mwaka huohuo 2006 kocha wao akaambiwa basi. Timu ya vijana wakampa Casiraghi, ya wakubwa wakampa Donadoni. Ndiyo, Ulaya ya vijana kule Ureno mwaka ule walitolewa kwenye makundi, lakini hilo linafuta ubingwa na medali? Hakuna timu ya Serie A, ligi kuu ya Italia, iliyowahi kumkabidhi benchi. Mtu kalea mabingwa wa dunia watano, kaachwa nyumbani miaka na miaka, wakati makocha waliofukuzwa timu nne wanapewa ya tano!

Kwa hiyo atakayeleta tena humu kile kipande cha Maradona, akiambatanishe na krosi ya dakika ya 57. La sivyo asinitagi.