Wakuu, mnaanzaje kupunguza taka nyumbani bila kuishia njiani?

Kikombe_Kimoja:
Habari za humu wakuu. Naombeni mawazo yenu. Nataka kupunguza taka hapa kwangu, maana kila nikitoa ndoo najiuliza hivi vitu vyote vimeingia ndani saa ngapi, juzi tu nimetoka kuimwaga. Sasa nimezama mtandaoni kusoma nimetoka kichwa kinauma. Huyu anasema achana na plastiki zote leo leo, yule anasema plastiki sio ishu, ishu ni chakula unachotupa, mwingine anaonyesha taka zake za mwaka mzima zimeenea kwenye chupa moja ya glasi, wa nne anauza seti ya vikombe vya mianzi na mirija ya chuma. Mi najijua, nikibeba mambo kumi kwa mpigo, muda si mrefu yote yameanguka. Halafu siishi peke yangu, kuna watu wazima na watoto na sio wote wana mpango na haya mambo. Kitu gani hasa kina uzito? Nianzie wapi? Na nyie mliofanikiwa mmefanyaje mpaka ikawa mazoea na sio kampeni ya mwezi mmoja? Natanguliza shukrani.

Ndoo_Haidanganyi:
Usinunue kitu chochote kwanza. Narudia, USINUNUE. Vikombe vya mianzi wakati kabatini una vikombe vimejaa ni taka mpya hiyo imevaa nguo nzuri.

Anza na ndoo yenyewe. Kaa wiki moja usibadilishe kitu, ila kila ukienda kumwaga angalia ndani kuna nini, andika kwenye karatasi ubandike karibu na ndoo: chakula, vifungashio, karatasi, mengineyo, basi, mizani ya nini. Wengi wanaofanya hivi wanaingia wakidhani tatizo lao ni chupa za plastiki kwa sababu ndo zinaonekana, kumbe kinachofanya ndoo iwe nzito na inuke ni chakula. Na huyo aliyekwambia ishu ni chakula hajakosea sana. Ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ya 2024 inasema mwaka 2022 dunia ilitupa chakula tani bilioni 1.05, na asilimia 60 ya hicho kilitoka majumbani, sio mahotelini wala madukani, majumbani kwetu sisi tunaolaumu wengine. Kikifika dampo kinafukiwa chini ya taka nyingine, hewa haifiki, kinaoza kwa kutoa gesi ya methani ambayo kwa miaka 20 ya mwanzo inapasha dunia joto zaidi ya mara 80 ukilinganisha na uzito uleule wa kaboni dayoksaidi. Na hapo bado hujahesabu maji, mbolea, mafuta na jasho vilivyotumika kukilima na kukileta mpaka kwako.

Sasa mazoea ya upande huu sio magumu. Kabla ya kwenda kununua fungua friji na kabati uone kilichopo, piga picha kabisa kama unasahau. Tenga sehemu moja ya friji, ya mbele usawa wa macho, hapo kinakaa kile cha kuliwa kwanza na kila mtu ndani ya nyumba ajue. Kilichobaki leo kiwekee mpango leo leo, ama ni cha kesho mchana ama kinaingia friza, usikirudishe tu kwenye friji kwa matumaini maana hapo unakipeleka jalalani kwa kukipitishia kwenye baridi. Na tarehe za kwenye pakiti zisome vizuri, ile ya "tumia kabla ya" ni ya usalama hiyo usicheze nayo, ila ile ya "bora kabla ya" inaongelea ladha na ubora tu, kitu kinaweza kuipita na bado kikawa kizima kabisa. Kuna watu wanatupa vyakula vikavu vizima kwa sababu tu ya tarehe hiyo.

Mbishi_wa_Haki:
Samahani lakini mimi haya mambo huwa yananichekesha. Kuna utafiti wa 2017 walipiga hesabu ya plastiki yote iliyowahi kutengenezwa duniani mpaka 2015, wakapata tani bilioni 8.3, na katika iliyokwisha kuwa taka iliyorejelezwa, yaani kugeuzwa ikatengenezwa kitu kingine, ni asilimia 9. Tisa! Nyingine imechomwa na kubwa zaidi iko madampo na huko porini na baharini. Sasa mnamwambia mtu aoshe kikopo akitenganishe vizuri akiweke kwenye ndoo ya rangi yake, ili iweje? Wanaotengeneza ndo wabanwe, sisi tunapewa kazi ya kujisikia vibaya tu.

Ndoo_Haidanganyi:
@Mbishi_wa_Haki hiyo namba ni sahihi na ndo maana kwenye maelezo yangu hukuona neno kutenganisha hata mara moja. Kurejeleza ni hatua ya mwisho kabisa, baada ya kukataa usichohitaji, kupunguza, kutumia tena na kutengeneza kilichoharibika. Ila usiweke vitu vyote kapu moja, aluminiamu kwa mfano ukiirejeleza unaokoa kama asilimia 95 ya nishati ya kuitengeneza kutoka kwenye madini, hiyo osha na uitenganishe bila maswali. Plastiki ndo kichefuchefu. Na ile pembetatu yenye namba 1 mpaka 7 inayochapwa kwenye vyombo vya plastiki sio ahadi kwamba itarejelezwa, inataja aina ya plastiki tu. Namba 1 na 2 zina soko sehemu nyingi, 3 na 6 mara nyingi hakuna anayezitaka. Muulize anayekusanya taka zako anachukua nini kweli, usimwekee kila kitu kwa kudhani atajua la kufanya, karatasi moja iliyolowa mafuta inaweza kuharibu mzigo mzima wa karatasi safi. Kuhusu viwanda kubanwa nakuunga mkono, hayo mawili hayagombani.

Mbishi_wa_Haki:
Hapo kwenye kumuuliza mkusanyaji nimekupa alama. Mengine nabaki na msimamo wangu.

Polepole_Ndo_Mwendo:
Ngoja nijibu swali la mazoea maana naona limerukwa na mtoa mada ndo alilitilia mkazo.

Sahau habari ya siku 21 inayozunguka mitandaoni. Kuna utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha UCL London, ulichapishwa 2010, waliwafuatilia watu 96 kila mmoja akijenga zoea moja dogo alilochagua mwenyewe. Katikati ya wote ilikuwa siku 66 ndo kitu kikaanza kufanyika chenyewe, ila tofauti ni kubwa mno, kuanzia siku 18 mpaka makadirio ya 254. Vitu vyepesi vilikaa haraka kuliko vigumu. Na kitu kingine walichokiona, kuruka siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Kwa hiyo ukisahau mfuko siku moja usitangaze msiba, kesho endelea.

Kinachosaidia ni kulifunga zoea jipya kwenye kitu ambacho tayari unakifanya bila kufikiri. Usiseme "nitakuwa nabeba mfuko wangu", hiyo ni nia tu. Sema nikishashusha vitu jikoni, mfuko unarudi hapohapo kwenye kitasa cha mlango, kwa sababu tatizo la mifuko sio kukosa, watu wanayo mingi tu, tatizo inabaki ndani wakati wewe uko nje. Chupa ya maji ijazwe ukimaliza kupiga mswaki usiku ikae pembeni ya funguo. Soketi za vifaa usivyotumia zizimwe unapozima taa ya mwisho. Kila zoea liwe na saa yake na mahali pake, likikosa hivyo viwili linategemea ukumbuke na kukumbuka ndo kazi ngumu kuliko zote.

Na moja kwa wakati mmoja jamani! Subiri mpaka ujikute unalifanya huku unaongea na simu, hapo ndo uongeze la pili.

Sindano_na_Uzi:
Naongezea la mifuko kwa vile imetajwa. Watu wanajua ukibeba mfuko wa pamba basi umemaliza, hapana. Wizara ya mazingira ya Denmark ilitoa ripoti 2018 ikasema mfuko wa pamba ya kawaida unatakiwa utumike mara 7,100 ndo ulingane kwa madhara na mfuko mwepesi wa plastiki, na wa pamba ya kilimo hai mara 20,000. Mara elfu ishirini! Sasa mtu ana mifuko ya pamba mpaka haihesabiki, mingine ya zawadi za semina, anajiona mwanamazingira.

Polepole_Ndo_Mwendo:
@Sindano_na_Uzi dada hizo namba zipo kweli ila zimekatwa mkia. Ile 7,100 ni pale unapoangalia vigezo vyote vya mazingira na ukachukua kile kibaya zaidi, ambacho kwa pamba kilikuwa ni madhara kwa tabaka la ozoni. Ripoti hiyohiyo ukiangalia mabadiliko ya tabianchi peke yake pamba ya kawaida ni mara 52, ya kilimo hai 149. Hiyo mtu anafikisha. Halafu walikuwa hawahesabu plastiki inayozagaa mitaroni na baharini, na hapo ndo plastiki inapoonyesha ubaya wake.

Sindano_na_Uzi:
Sawa nimekubali hapo, 52 inaingia akilini. Lakini pointi yangu inabaki palepale, mfuko bora ni ule ulionao tayari, hata kama ni wa plastiki, utumie mpaka uchanike. Mtu asitupe vyombo vizima vya plastiki ili anunue vya glasi apige picha jikoni kwake.

Na nguo jamani mbona hakuna anayezitaja. Kifungo kimetoka nguo inatupwa. Zipu imekufa nguo inatupwa. Jifunze kushona kifungo na kuziba tobo, video zimejaa bure. Usifue nguo iliyovaliwa kwa masaa mawili tu, fua mashine ikijaa na kwa maji ya baridi, nguo inadumu na umeme unapungua. Hizi za nailoni na poliesta zinamwaga nyuzi ndogondogo kila zikifuliwa, watafiti wa chuo cha Plymouth kule Uingereza walionyesha 2016 kwamba mzigo mmoja wa kilo sita wa akriliki unaweza kuachia nyuzi zaidi ya 700,000, na hizo ni plastiki zinaenda na maji machafu.

Kikombe_Kimoja:
Aisee nimepata zaidi ya nilichoomba, asanteni sana. Naona nianze na hilo la ndoo wiki hii halafu ile sehemu ya "kiliwe kwanza" kwenye friji. Nina mawili bado. Maganda na vitu ambavyo hata ufanyeje haviliki navipeleka wapi, naogopa harufu na wadudu, sina bustani. Na hawa watu wa nyumbani je? Nikianza kuwasimamia kwenye ndoo nitaonekana polisi.

taratibu_jikoni:
La watu wa nyumbani nalijibu mimi. Usihubiri. Panga nyumba iwarahisishie, mtu mvivu anafuata kilicho karibu, basi kilicho karibu kiwe ndo sahihi. Ndoo ya taka za kawaida isogeze mbali kidogo, ya maganda iwe pale wanapokatia mboga. Tishu za karatasi ziweke juu kabatini, vitambaa vya kufutia viweke mkononi. Wasipoona tofauti hawatabisha. Watoto wape cheo, mmoja awe mkaguzi wa friji, utashangaa wanavyokuwa wakali kuliko wewe. Na kuna mmoja hapo kwako ambaye hatobadilika, kila nyumba anaye, huyo mwache.

Mboji_na_Minyoo:
Maganda: kama una friza, weka kopo lenye mfuniko humo ndani, maganda yanaganda hayanuki hayaaliki nzi, likijaa unapeleka kwa mtu mwenye bustani au mifugo. Hiyo ni njia ya uvivu na inafanya kazi.

Ukitaka mboji yako, ndoo yenye matundu ubavuni na chini, na chombo cha kukinga maji. Siri yote iko kwenye mchanganyiko, watu wanajaza maganda mabichi peke yake halafu wanalalamika. Maganda yana naitrojeni nyingi, yanahitaji kaboni, yaani vitu vikavu, majani makavu, boksi lililochanwachanwa, karatasi isiyong'aa. Vijidudu vinavyoozesha vinapenda kama sehemu 30 za kaboni kwa moja ya naitrojeni ila hiyo huwezi kuipima jikoni, wewe kila ukitia kopo moja la maganda funika na makopo mawili matatu ya vikavu. Ikinuka imelowa sana au imekosa hewa, ongeza vikavu na uigeuze. Ikikaa muda haiozi, imekauka, nyunyiza maji. Ukiminya kwa mkono iwe na unyevu bila kuchuruzika. Nyama, maziwa, mafuta na samaki usitie kwenye ndoo ndogo, hizo ndo zinaita panya.

Kikombe_Kimoja:
Boksi lenye gundi na maandishi ya rangi linaingia au nalo niliache?

Mboji_na_Minyoo:
La kawaida la kaki chana weka, toa gundi ya plastiki na stika kwanza. Lile linalong'aa lenye utandu wa plastiki juu acha, utakuja kuuokota vipande vipande kwenye mboji.