Tupeane uzoefu: rafiki mliyepotezana bila kugombana

MamaDoti_Igoma

Habari za jioni wapendwa. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu mwaka jana, leo nimeona nilitoe hapa.

Miaka tisa nilikuwa nikivuka Ziwa Victoria kutoka Kigongo kwenda Busisi na mabegi yangu ya kanga na vitenge, nafuata magulio ya upande wa Sengerema. Waliopita pale kabla ya daraja wanaijua foleni ya kivuko. Kuvuka kwenyewe kama nusu saa tu, lakini kusubiri kuliweza kumaliza asubuhi nzima. Kwenye foleni hiyo ndiko nilikompata Mama Neema (sio jina lake). Yeye alikuwa anapeleka vyombo vya plastiki. Siku ya kwanza aliniomba nimwangalizie mzigo akanunue hindi la kuchoma, akarudi na mawili, moja langu.

Yule mama alijua mambo yangu kuliko dada yangu wa tumbo moja. Mimba yangu ya mwisho ilipotoka, wa kwanza kumwambia alikuwa yeye, tumekalia mabegi, injini inanguruma, hakuna anayetusikia. Naye alinieleza ya nyumbani kwake ambayo siwezi kuyaandika hapa. Lakini hatukuwahi kutembeleana. Namba yake ilikuwa kwenye simu niliyoibiwa stendi, na sikuhangaika kuiomba tena, kwa sababu nilijua wiki ijayo tutaonana tu.

Juni 2025 daraja likafunguliwa. Sina neno baya juu ya daraja lile. Kilomita 3 za maji unazivuka kwa dakika chache, na nikiwakumbuka wajawazito waliokuwa wakisubiri kivuko usiku namshukuru Mungu. Ila siku ya kwanza gari lilipopita juu bila kusimama, nilijikuta nachungulia chini gatini namtafuta. Sijamwona mpaka leo. Alishanilipa nusu ya bei ya doti moja ya kanga, na doti hiyo ipo kabatini kwangu.

Nanyi je? Yupi mlipotezana bila neno baya, na mlifanya nini?

Gizani_Ukerewe

Dada, umenigusa. Mimi ni mvuvi wa dagaa, nipo mwalo mmoja (ufuko wa wavuvi) huku Ukerewe.

Kwa wasiojua kazi yetu: tunaingia ziwani usiku wa giza, tunaziacha taa zielee, halafu tunasubiri dagaa wajikusanye kwenye mwanga. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi ni za betri na sola. Huko kusubiri ndiko watu hufahamiana, maana saa nane usiku katikati ya maji mtu hana cha kumficha mwenzake. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, kwa hiyo kambi inapumzika na sisi tunashona nyavu.

Nina mwenzangu tuliyeanza naye tukiwa vijana wadogo. Tumelala chini ya turubai moja. Usiku mmoja niliteleza nikaangukia majini na koti zito mwilini, yeye ndiye aliyenivuta kwa ukosi. Baadaye akaweka akiba (hapo mkewe anastahili sifa, ndiye aliyeshika pesa), akanunua mtumbwi, ikafika mitatu. Sasa huku mwaloni mwenye mtumbwi anaitwa tajiri, hata kama kandambili zake zimekatika. Siku nilipomwita "tajiri" mbele za watu nilikuwa namheshimu. Aliniangalia kama nimemtukana. Lakini ningemwitaje jina la utotoni mbele ya vijana anaowalipa, na mimi ni mmojawapo?

Mgawo ukitoka mdogo, zamani tulikuwa tunamlalamikia tajiri sisi wawili usiku kucha. Sasa nimlalamikie nani? Tukaanza kukwepana. Miaka miwili pesa inakuja kwa msimamizi, salamu zinakuja kwa mtoto.

Aliyevunja ukimya ni yeye. Mbalamwezi moja alikuja na sindano na uzi, akakaa mchangani, akaanza kushona ncha ya pili ya wavu niliokuwa nao. Hakusema kitu, wala mimi. Jua lilipotuzidi tukauburuta wavu mpaka kivulini tukaendelea. Jioni ndipo akasema, "Unajua sina mtu wa kuongea naye siku hizi?" Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba hata aliyeinuka anaweza kubaki peke yake.

Tangu hapo usiku wa giza ni tajiri wangu, namheshimu na hesabu zinaandikwa. Mbalamwezi anakuja mchangani na ninamwita jina lake. Ni siku chache kila mwezi, na siku hizo sipangi safari yoyote.

Binti_Nyakato

Mimi tulikuwa watano tangu sekondari. Wanne wakapata watoto, mimi sijajaliwa. Hakuna aliyenisema vibaya hata siku moja. Waliacha tu kunialika kwenye ubatizo na sherehe za kuzaliwa za watoto ili "wasiniumize", nami nikaja kuona picha. Huruma yao ndiyo iliyonitoa. Natamani wangeniuliza kwanza, maana watoto wale nawapenda, wawili niliwabeba wakiwa na siku tatu.

Mmoja nilimwambia wazi mwezi uliopita. Alilia. Jumapili ananiletea wa mwisho nishinde naye.

Babu_wa_Kemondo

Naandikiwa na mjukuu, mimi nasema tu. Nina miaka 71.

Rafiki yangu hatukugombana, nilimpoteza MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996. Meli ilitoka Bukoba, ikapita Kemondo, ikazama wakati Mwanza ilikuwa karibu kabisa. Nilikuwa nimekwenda bandarini Mwanza kumpokea. Alikuwa na kawaida ya kuniletea kahawa ya kutafuna na senene wa msimu, wamekaangwa na mkewe. Waliopatikana wengi walizikwa Igoma. Yeye sijui kama yumo au alibaki ziwani, lakini kila mwaka nakwenda Igoma nasimama kwa ajili yake.

Ninalotaka kulisema ni hili. Mtoto wake wa kiume alikuwa na miaka 6. Niliona nina deni, nikalipa ada zake, nikawa mkali kwake kama baba. Alinikimbia. Miaka mingi haji, ananipigia Krismasi tu. Halafu, akiwa mtu mzima, alikuja akaniuliza: "Babu, baba alikuwa anacheka vipi?" Hakuna aliyewahi kumwambia. Nilikuwa nimempa ada, sikumpa baba yake. Tulikesha siku ile namsimulia mpaka ubishi wetu wa mpira wa miaka ile. Sasa tunaongea kila juma, na hatuongei kama mzee na mtoto.

Kijana_Malimbe

Shikamoo babu. Nimesoma mara mbili.

MamaDoti, nisamehe kwa swali. Mtu usiyejua nyumba yake, mlikuwa marafiki kweli au mlikuwa abiria wenza? Nauliza kwa nia njema, kwa sababu na mimi karibu namaliza chuo, na wenzangu wote ni wa hosteli.

Babu_wa_Kemondo

Marahaba mwanangu. Chukua namba zao za simu, na za mama zao pia. Namba za vijana hubadilika, za mama hukaa.

MamaDoti_Igoma

Kijana, sijakasirika. Nimekaa na swali lako tangu jana. Nyumba yake siijui, lakini najua anaogopa maji na kila safari alikuwa anashika mkono wangu kivuko kikianza kuondoka. Miaka tisa. Abiria mwenza hashikwi mkono.

Babu, pole sana. Ulivyosema kuhusu kicheko nimelia jikoni.

Nimeamua hivi: Jumamosi sitapanda gari la moja kwa moja. Nitashuka Busisi na mabegi yangu, niulize wauza mahindi na makuli wa zamani wa gatini, maana wengine bado wapo wanafanya vibarua pale barabarani. Namuulizia mama wa vyombo, mnene kidogo, ana mwanya, anaitwa kwa jina la kifunguamimba wake. Doti yake nimeitoa kabatini, nimeianika ipungue harufu ya dawa ya wadudu. Ile nusu iliyobaki sitaidai.